Mche wa Mwisho Mpakani

Habari za kifo chake nilizipokea Jumatano, tarehe kumi na moja, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, nikiwa nimesimama mpakani mwa shamba langu, kikapu kikiwa mgongoni na bado kitupu. Aliyezileta ni mtoto wa ndugu yake, mwanamume wa makamo anayelima upande ule wa pili. Alikuja hadi kwenye mstari unaotenganisha chai yao na yetu, akavua kofia, akaniamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mama, shangazi ametuacha. Saa kumi na moja hivi, huko hospitalini." Nikampa pole. Akaitikia, halafu akaongeza kwa sauti ya mtu anayetaka kumfariji jirani, "Na hiyo mti, usijali tena. Tukimaliza mazishi nitaitoa."

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sijawahi kuwadanganya kuhusu tarehe. Leo nitajaribu kutowadanganya kuhusu moyo. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni. Niliinua macho, nikautazama ule mti mrefu uliosimama mpakani ukitia kivuli mistari mitatu ya chai yangu, nikawaza kwamba hatimaye nimeshinda. Jambo la pili lilikuja nilipoinama kuanza kuchuma, nalo lilikuwa baya zaidi: niliwaza kwamba yeye, aliyenitangulia katika kila kitu, sasa amenitangulia na katika hili, na kwamba watu watamlilia kuliko watakavyonililia mimi. Nilichuma hadi saa nne. Majani ya siku hiyo yalikuwa mazuri, na sikumbuki kuyachuma.

Alikuwa mwalimu wa chekechea, kwanza huku kwetu kwenye vilima vya Othaya, baadaye Gatitu, na alipostaafu akarudi kuishi peke yake katika kipande cha shamba alichoachiwa na baba yake. Hakuolewa. Alinizidi umri kwa miezi miwili. Naitaja miezi hiyo kwa sababu utotoni ilionekana kama miaka kumi. Baba yake alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupanda chai upande huu. Mama yangu hakuwa na shamba, alikuwa mchumaji wa kibarua katika shamba la baba yake, na mimi nilimfuata mama tangu nilipoweza kubeba kikapu bila kukiburuta. Kila asubuhi, tukiwa katikati ya mistari na umande umetulowesha hadi kiunoni, msichana mmoja alitoka kwenye veranda ya ile nyumba ya mawe akiwa na sweta la rangi ya samawati na daftari mkononi, akashuka kwenda shuleni. Saa tisa alirudi. Alikaa kwenye ngazi za veranda, akala, akatutazama. Sijui alikuwa akitazama nini. Najua mimi nilitazama nini: nilitazama sweta. Nililitazama kwa miaka minne, nikajua lilipofumuka kwenye kiwiko na siku liliposhonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kama mtu anavyoijua nguo yake mwenyewe.

Kwa wale waliozaliwa mjini na kuikuta chai ndani ya pakiti, nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa yaliyobaki. Mche wa chai si kichaka kwa asili yake. Ni mti. Ukiuacha, utapanda juu ya paa la nyumba, na utatoa maua meupe yenye kitovu cha manjano ambayo wachumaji wengi hawajapata kuyaona maishani. Unabaki kufika kiunoni kwa sababu kila baada ya siku chache mtu anakuja kuutoa majani mawili na kichipukizi, yaani kila unapojaribu kuinua kichwa. Ili vichwa vyote vilingane, tulibeba ufito mrefu ulionyooka, tukaulaza juu ya miche, na kila kilichotokeza juu ya ufito kilichumwa. Nyapara alipita nyuma yetu akiinama kuhakikisha kwamba shamba zima liko sawa kama meza. Mche uliopitwa bila kuchumwa ulionekana kwa mbali, na aliyeupita aliitwa mbele ya wenzake.

Niliitwa siku moja. Nilikuwa na miaka tisa, na mche niliokuwa nimeuacha ulikuwa wa mwisho katika mstari wa mpakani, pale shamba linapoanza kuteremka kuelekea mtoni. Nilikuwa nimeuacha kwa muda wa wiki tatu, nikiupitia pembeni kwa ujanja. Nyapara aliniuliza kwa nini, nami nikaendelea kuchuma. Akaniuliza mara ya pili, nikasema sikuuona, na wachumaji wote wakacheka kwa sababu mche wenyewe ulikuwa umeipita mingine kwa shubiri moja. Alinichapa kwa ufito wangu mwenyewe, mapigo manne, kisha akamwambia mama auchume. Mama aliuchuma bila kunitazama. Msichana wa sweta alikuwa kwenye ngazi zake. Hakucheka, wala hakuondoka.

Nilipofikisha miaka kumi na tisa niliolewa na kijana wa jirani, ambaye shamba la baba yake lilipakana na lile, kwa hiyo nilihamia upande wa pili wa mstari uleule. Nimekuwa mke wa mtu mwema, nikamzika, na sitaki kuhurumiwa kwa lolote kati ya hayo mawili. Lakini sikuwa najua kusoma. Barua za watoto kutoka shule za bweni nilisomewa na mume wangu, naye alipougua nikasomewa na watu baki. Ndipo, Jumatatu ya kwanza ya Februari, katika mwaka niliotimiza miaka arobaini na mitatu, nikavaa nguo yangu ya kanisani na kwenda kwenye darasa la watu wazima lililofunguliwa katika chumba cha nyuma cha kanisa. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Mwalimu aliingia saa nane kamili akiwa na ufito wa kuonyeshea herufi ubaoni, nami niliutambua ufito kabla ya kumtambua mtu. Ulikuwa ufito wa kuchumia chai, umelainika kwa mikono ya watu, wenye fundo nililolikumbuka karibu na ncha. Alikuwa ameutoa kwa baba yake. Nilikaa kwenye benchi la mbele lililotengenezewa watoto, magoti yakikaribia kidevu, na yule msichana wa sweta akasimama mbele yangu akinionyesha irabu kwa fimbo iliyonichapa.

Haki yake nitampa. Alifundisha vizuri kuliko yeyote niliyemwona baadaye, na nimewaona wengi. Hakutudekeza wala hakutuita watoto. Alituita Mama na Mzee, naye tukamwita Mwalimu, na mtu aliyekosea alirudia hadi apate. Kufikia Julai nilikuwa nasoma gazeti. Haya mnayoyasoma sasa, sentensi hizi ninazosifiwa kwa kuzijenga vizuri, yeye ndiye aliyezichimbia msingi, na kwa miaka yote niliyoandika safu hii sikuwahi kulitaja hilo hata mara moja. Nimewataja mume wangu, mapadri wawili na daktari wa mifugo. Yeye sikumtaja. Sababu yake ni hadithi.

Wengi wenu wa upande huu mnaijua, maana aliwasimulia watoto wa chekechea miaka nenda miaka rudi, na watoto hao sasa wana watoto. Binti yangu mwenyewe alirudi nayo nyumbani akiwa na miaka mitano, akaanza kunisimulia, nami nikamwambia asubiri kwa sababu nilikuwa nawahi kupimiwa majani. Hakuendelea siku hiyo, na siku nyingine sikumuuliza. Kwa hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza darasani, mwezi wa Agosti, kama imla. Mwalimu alisimama dirishani, akasoma polepole, nasi tukaandika.

Palikuwa na msichana mdogo aliyechuma chai kila siku, akafika kila siku kwenye mche wa mwisho wa mstari. Siku moja akauuliza mche, mbona wewe hukui? Mche ukamjibu, mimi ni mkubwa kuliko babu yako, lakini kila nikiinua kichwa niuone mlima, mnanikata. Msichana akasema, basi mimi sitakukata. Akawa anaupita. Mche ukapanda kidogo, ukaona paa la nyumba. Ukapanda tena, ukaona moshi wa jikoni. Umebakiza shubiri moja uuone mlima, akaja mwenye ufito. Msichana akachapwa, mche ukakatwa. Usiku ule mche ukamwambia msichana katika ndoto, nenda ukakue wewe, kwa sababu mmoja wetu lazima auone mlima. Msichana akaenda, akakua, akazeeka. Siku moja akarudi…

Hapo niliweka kalamu chini. Nikainua mkono kama tulivyofundishwa, nikauliza, "Mwalimu, huyo msichana aliitwa nani?"

"Hakuwa na jina, Mama. Alikuwa mtoto tu."

"Kila mtoto ana jina."

Mzee mmoja nyuma yangu, aliyekuja darasani ili aweze kusoma maandishi ya dawa za ng'ombe, akasema, "Mama, si uandike tu, sisi ng'ombe zinatungoja." Darasa likacheka, kicheko kilekile cha wachumaji. Nikafunga daftari, nikatoka, nikaenda nyumbani. Nilirudi Jumatatu iliyofuata, tulipokuwa tumeingia kwenye kugawanya, na hakuna aliyeizungumzia siku ile. Daftari nililiacha juu ya meza yake lipate kusahihishwa kama mengine. Aliponirudishia, chini ya mstari wangu wa mwisho alikuwa ameandika kwa wino mwekundu neno moja: Haijaisha. Nililichukua kama tusi. Nililiona ni neno la mtu aliyemaliza shule akimwambia asiyemaliza kwamba hata imla haiwezi.

Sasa niseme nilichojua mimi, ambacho darasa halikujua. Sikuuacha mche ule kwa huruma. Mtoto wa miaka tisa aliyeamka saa kumi na moja hamwonei huruma mche. Niliuacha kwa sababu ndani yake, pale matawi yanapogawanyika, nilificha kiazi kitamu. Mama alinipa kiazi kimoja asubuhi, cha kunifikisha jioni, na wachumaji wakubwa walikuwa na tabia ya kupekua vikapu vya watoto. Kwa hiyo nilikifunga kwa jani la mgomba nikakisokomeza ndani ya mche wa mwisho, na mche uliochumwa hauwezi kuficha kitu. Lazima uwe mnene. Hiyo ndiyo siri yote. Palikuwa na njaa, palikuwa na kiazi. Na yeye, aliyekuwa ameshiba kwenye ngazi zake, alitazama njaa yangu kwa mbali akaiona ni wema, akatengeneza nayo hadithi tamu ya mtoto asiye na hatia anayezungumza na miti, akapendwa kwayo na nusu ya wilaya. Sweta alikuwa nalo, shule alikuwa nayo, na bado alihitaji kuchukua utoto wangu pia, akaupaka sukari. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na niliamini kwa miaka ishirini na minane. Nyumbani kwangu nilipiga marufuku hadithi ile, na binti yangu, mtiifu wakati huo, alitii.

Mwaka wa pili baada ya kisa hicho, baba yake alifariki, mashamba yakagawanywa, naye akapewa kipande kinachopakana nasi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuacha kuuchuma mche wa mwisho mpakani. Ndio huohuo. Ulipanda mwaka hadi mwaka mpaka ukawa huo mti ambao mpwa wake ananiahidi kuutoa. Nililalamika, na nililalamika kwa haki, maana chai haipendi kivuli kikubwa, na mistari yangu mitatu ilidhoofika. Nilimpeleka hadi kwa naibu wa chifu. Mwanamke huyo, ambaye nilijua angekupa nguo aliyoivaa ukiiomba, alikataa katakata. Siku ya mwisho tuliyozozana, Ijumaa moja ya Machi, aliniambia kutoka upande wake, "Njoo tukae chini yake kwanza, jirani. Halafu tuukate."

Nikamjibu kwamba mimi sikulelewa kwa kukaa chini ya miti.

Nimewaza sana wiki hizi juu ya kukaa. Naona watoto wa siku hizi, wa Nyeri mjini hasa, wanaamshwa gizani, wanabeba mikoba inayowapinda migongo, wanafundishwa Jumamosi, wanafundishwa likizo, na wazazi wao, ambao mimi ni mmoja wao, tunapita nyuma tukiwa na ufito kuhakikisha kwamba hakuna aliyebaki chini wala aliyetokeza upande usiofaa. Tunaita hiyo kuwapa maisha mema. Mimi niliwasukuma wanangu hivyo, kwa kuwa nililijua sweta na sikutaka watoto wangu walitazame kwa mbali. Sijutii. Lakini sikuwahi kujiuliza mtoto wangu alificha wapi kiazi chake, wala kama alikuwa nacho, na yule aliyejiuliza, kila siku ya kazi yake, hakuwa na mtoto hata mmoja. Ningependa kuandika kwamba hilo lilinifanya nimheshimu. Lilinifanya nimwonee wivu zaidi.

Mazishi yalikuwa Alhamisi iliyofuata, tarehe kumi na tisa. Nilihesabu mahema. Msinicheke, wajane wote huhesabu. Mume wangu alikuwa na mahema mawili na tulishukuru. Yeye alikuwa na matano, na bado watu walisimama juani: makarani, madereva, mwanajeshi mmoja mwenye sare, wafanyabiashara waliotoka Nanyuki na kofia zao za kufuma, wote wakiwa wamepita chini ya mikono yake wakiwa na kamasi puani. Binti yangu, aliyeolewa Nanyuki, alifika kabla ya saa mbili asubuhi akiwa amevimba macho. Alipomzika baba yake hakuvimba hivyo. Nilimwambia, nikidhani namtania, kwamba sikujua alikuwa na mama wawili. Akanijibu bila kutania, "Mama, mmoja alinifundisha kufanya kazi." Hakusema wa pili alimfundisha nini, nami sikumwuliza. Ulipofika wakati wa wanafunzi wa zamani, walisimama watu wazima wapatao thelathini wakaanza kuisema ile hadithi kwa pamoja, polepole, kama walivyoisema wakiwa na miaka mitano. Walipofika pale msichana anapozeeka, mchungaji akatazama saa, akaomba radhi kwamba wingu linatanda upande wa Nyandarua, na jeneza likainuliwa. Nilishukuru moyoni. Hata wao hawakufika mwisho.

Binti yangu alibaki nami hadi Jumamosi pamoja na binti yake wa pili, msichana wa miaka saba. Kwa desturi yetu, msichana wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, kwa hiyo mtoto huyo ana jina langu, na kwa desturi hiyohiyo yeye ni mimi. Wanawake wa rika langu humsalimu kwa kumwuliza kama magoti bado yanamsumbua. Asubuhi hiyo, saa tatu kasorobo, nilimkosa jikoni. Nilimkuta mpakani, ameketi chini ya ule mti, mgongo umeegemea shina, maua meupe yameanguka kwenye sketi yake. Nilimwambia atoke, kwamba watu wanakuja na msumeno.

"Cucu, hii mti ni yako," akasema, akiniita bibi kwa lugha yetu. "Mwalimu aliniambia."

Nikamwuliza ni lini Mwalimu alimwambia. Akasema, "Nikija likizo navuka hapa kumsalimia, wewe ukienda kupima majani." Hayo pia sikuyajua. Nilihisi wivu kama nilipokuwa na miaka tisa. Nikamwambia basi kama ni yangu anisimulie, kwa kuwa mimi sijui mwisho wake. Alinitazama kwa mashaka, akidhani namjaribu, halafu akasimulia kwa Kiswahili chake cha Nanyuki, akichezea ua.

"Alirudi akiwa mzee. Akapata ule mche imekuwa mti mrefu, iko na maua. Akakaa chini. Hakuwa na kikapu, na hakuna mtu alimwita. Mti ikamwambia, mimi niliona mlima. Wewe uliona? Akasema, mimi sikupata nafasi. Mti ikamwambia, basi kula, kuna kitu yako nilikuwekea. Akaingiza mkono hapa ndani kwa matawi, akatoa kiazi. Ilikuwa bado moto."

"Kiazi cha nani?"

"Ni chake. Alikuwa anaficha hapo akiwa mtoto, ndio wale wakubwa wasikule. Mti ilikuwa inamwekea tu, hiyo miaka yote."

Nilikaa chini. Kwa hiyo aliona. Aliona kutoka kwenye ngazi zile, na shibe yake yote, kwamba palikuwa na jani la mgomba na kilichofungwa ndani yake, na hakusema kwa nyapara, wala kwa baba yake, wala darasani nilipomkazia macho mbele ya watu kumi. Alikuwa amekiweka mwishoni, mahali pake, na mimi nikatoka mistari sita kabla ya kukifikia. Miaka ishirini na minane niliichukia hadithi ambayo sikuwa nimeisikia.

Mpwa wake alifika saa tatu na dakika kumi pamoja na mwenye msumeno. Akatukuta tumeketi, akasimama kwa adabu mbele yetu. "Mama, tuanze upande gani?" akauliza. Nilitaka kumweleza, nikaona ni marefu mno. Nikamwambia, "Kaeni kwanza." Alitazama saa yake, akamtazama mwenzake, akakaa. Tulikaa wanne mpaka saa nne kasoro dakika tano. Kati ya matawi, mlima ulionekana kidogo, ncha tu, kisha wingu likaufunika. Hakuna mtu aliyeniita. Walipoinuka niliwaambia mti ubaki, na kivuli chake kwenye mistari yangu mitatu kibaki pia, na wala wasije kuuliza tena hata nikifa.

Wapo watakaoniandikia kwamba nimesamehe. Sidhani. Bado ninalionea wivu lile sweta, na sasa nimeongeza wivu mwingine nisioweza kumweleza mtu: namwonea wivu yule mzee wa kwenye hadithi, aliyerudi akamkuta aliyemtunzia kiazi chake bado yupo. Nilichojifunza ni kidogo na nimejifunza kwa kuchelewa, kama kila kitu changu. Mtu anayejua kuondoka kwa kiburi hubaki na nusu ya kila kitu, akaiita ndiyo yote. Kama yupo mtu aliyewaona mkiwa wadogo, na mna hasira naye kwa alichokiona, nendeni mkamwulize alichoona kabla mpwa wake hajaja kuvua kofia mpakani.

Jioni nililitafuta lile daftari. Lilikuwa ndani ya sanduku la mume wangu, chini ya vyeti vya shamba. Nikalifungua kwenye ukurasa wa imla, na chini ya lile neno jekundu nikaandika mwisho kama mtoto alivyousema, mti, kiazi na moto wake, kwa mwandiko wangu ambao haujawahi kunyooka. Kisha, kama kawaida yangu, nikaandika tarehe. Nililiacha wazi juu ya meza usiku kucha, na asubuhi nikakumbuka kwamba hakuna wa kulisahihisha.